Gati la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hajawahi kunigusa, na mimi sijawahi kumgusa. Naanza na hilo kwa sababu usipolijua hutaelewa kwa nini mtu mwenye akili zake alijenga gati mara mbili ndani ya mwaka mmoja.

Anaitwa Dorothea, ni mama wa mke wangu Eliza. Anakaa ng'ambo ya bwawa, upande wa kuelekea Mgwashi, na ni mtu wa zamani hasa. Kwake yeye mkwe anaheshimiwa kwa mbali. Nikimwamkia nasimama pembeni ya uwanja na kuinamisha macho, naye anaitikia marahaba akitazama migomba. Nikimpelekea sukari naiweka chini, nikishaondoka ndipo anaiokota. Najua siku hizi watu na wakwe zao wanapeana mikono, wanakaa kochi moja, wanapiga picha wamekumbatiana. Dorothea akiona mambo hayo anageuza uso kama aliyeona nyoka. Simlaumu. Mama yangu alikuwa hivyohivyo kwa waume wa dada zangu, na hakuna aliyekufa.

Sasa, mwezi wa tano Eliza alijifungua mtoto wa kiume. Nimeandika kwa maneno machache, lakini siku hiyo mimi niliisubiri miaka kumi na moja. Tulikwishapita kwa madaktari, kwa wachungaji, na kwa watu wengine ambao mchungaji hapaswi kuwajua. Siku niliyotoka kumwona mtoto nilipitiliza moja kwa moja shambani nikaanza kupalilia kwa furaha, nikapalilia, nikapalilia, mpaka jirani akaniuliza kwa nini nang'oa karoti.

Tukamwita Elinuru. Kuanzia siku hiyo mke wangu akaacha kuniita Jonas mbele za watu, akaniita Baba Elinuru. Alikuwa akiniita hata kama sina ninalotakiwa kufanya. Nami nilikuwa naitika.

Watu wote walikuja kumwona mtoto, isipokuwa bibi yake. Masika yale mlima ulikuwa umeporomoka ukaichukua barabara ya kuzunguka bwawa pamoja na daraja lake. Kilichobaki ni njia ya miguu inayoshuka korongoni na kupanda tena upande wa pili, na magoti ya Dorothea hayashuki tena korongo lolote. Kuzungukia mbali kwa pikipiki ndiyo usiseme. Alipanda pikipiki mara moja tu maishani, akaapa kwa jina la marehemu mumewe kwamba hatarudia. Kwa hiyo mjukuu wake alimjua kwenye simu. Alikuwa akiishika karibu sana na uso, sisi tunaona sikio tu, sikio linaimba.

Mchungaji alipotangaza ubatizo utakuwa Septemba, Eliza alikuja nyumbani na msimamo wake.

"Baba Elinuru, nakwambia mapema. Mama asipompakata huyu mtoto siku ya ubatizo, mtoto habatizwi."

"Mchungaji ameshatangaza."

"Akatangaze tena."

Namjua Eliza. Hilo halikuwa tishio, ilikuwa taarifa.

Kiwanja changu kinashuka mpaka kwenye maji. Bwawa la Kwengulo lilichimbwa zamani na shamba la chai, na ardhi ya kandokando yake ni tope linaloozesha kabichi, ndiyo maana niliipata mimi. Lakini ukisimama pale ukingoni unamwona Dorothea ng'ambo anaanika nguo. Unamsikia jogoo wake. Kwa maji ni karibu kuliko dukani. Boti ninalo, aliniundia Rajabu, mtu wa Kigoma anayechochea tanuri kwenye kiwanda cha chai. Kilichokosekana ni mahali pa kushukia. Mimi na wavulana wa kumwagilia tulikuwa tunaruka tu kwenye tope tukiwa tumekunja suruali. Mwanamke mzima wa umri ule haruki.

Nikamwita Rajabu tushauriane.

"Gati?" alisema. "La nini gati? Kwetu boti linakuja mpaka maji ya magoti, abiria anapanda mgongoni kwa mtu mwenye nguvu, anashushwa mchangani mkavu kama yai."

"Rajabu, abiria ni mama mkwe wangu."

"Basi mbebe wewe mwenyewe. Utapata thawabu."

Eliza alikuwa mlangoni ananyonyesha. Alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa. "Shemeji Rajabu, unataka nipoteze mama na mume siku moja?"

Mimi mawazo yangu ya kwanza yalikuwa mawe. Huku kwetu mawe ndiyo jibu la kila kitu: shamba likiteleza weka mawe, nyumba ikiteleza weka mawe. Nikaona nijenge ukuta wa mawe uingie majini, niusawazishe juu, biashara imekwisha. Nilibingirisha jiwe moja kubwa kama mbuzi ili kuanza msingi. Lilizama kwenye lile tope likaaga kwa mapovu. Nikabingirisha la pili juu yake. Nalo likaaga. La tatu sikulibingirisha.

Basi zikabaki nguzo. Nguzo za mkaratusi zinafika pale ambapo mawe hayafiki, unazipigilia mpaka zigome. Tuliitisha msaragambo, wakaja watu wa mtaa na nyundo zao, Eliza akapika makande sufuria mbili. Tulipigilia nguzo nne tukiwa tumesimama kwenye boti, Rajabu akihesabu kwa kuimba, kila nyundo ikitua boti linarudi nyuma na mtu mmoja anakaribia kuanguka. Juu tukapigilia mbao. Nikapima kutoka usawa wa maji, nikaacha shibiri mbili, ili mtu atoke kwenye boti kama anayepanda kizingiti cha nyumba.

Lilikuwa gati zuri. Nasema kweli, nilikuwa nashuka kulitazama hata kama sina kazi nalo. Nilikuwa nasimama kwenye ncha yake na kumpungia mkono Dorothea akianika nguo, naye alikuwa anajificha nyuma ya shuka.

Hiyo ilikuwa Julai, bwawa limejaa.

Agosti tukakaa kikao cha kamati ya maji. Mimi ni mjumbe. Bondeni chini ya bwawa watu wana kabichi na hoho, na mimi nina kabichi nyingi kuliko wote. Jua lilikuwa limeanza kukaza. Wengine wakasema tusubiri kidogo. Nani alisimama? Mimi. Nilisema maji ya kutazama hayana faida, kabichi hainywi kwa macho, lango la bwawa lifunguliwe hata kesho. Nikapigiwa makofi. Lango likafunguliwa, kabichi zikanenepa, nikawa nashinda bondeni toka asubuhi mpaka jioni. Sikwenda ukingoni karibu majuma mawili.

Wewe msomaji umeshaelewa. Mimi sikuelewa mpaka Jumamosi ile niliyokwenda kumchukua mama mkwe. Hata wakati wa kwenda, ukungu ulikuwa umefunika maji, na boti nililichukua kule walikoliacha wavulana wa kumwagilia, kwa hiyo gati sikuliona.

Tulikuwa tumepanga aje kwanza amwone mtoto, azoee safari, halafu arudi tena siku ya ubatizo. Upande wake kuna mwamba ulioteremka mpaka ndani ya maji, kama ngazi ya Mungu mwenyewe, akapanda boti bila shida, amevaa kitenge kipya na kilemba. Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba mpiga makasia anakaa akiutazama mkia wa boti, na abiria anakaa mkiani. Yaani tungetazamana uso kwa uso safari nzima. Dorothea alisimama kidogo akilipima jambo hilo. Kisha akaketi, akafungua mwavuli wake mweusi, akauweka kati yetu. Nikavuta makasia nikitazama mwavuli.

Nyuma yangu nilimsikia Eliza akipiga vigelegele gatini. Halafu vigelegele vikakatika.

Niligeuka. Gati lilikuwa juu. Maji yalikuwa yameshuka urefu wa mtu, na gati langu zuri limebaki limening'inia hewani juu ya miguu yake minne mirefu. Eliza alikuwa amesimama huko juu na mtoto, ananitazama kama mtu aliye ghorofani. Nikalisogeza boti mpaka kwenye nguzo. Mbao zilikuwa shibiri mbili juu ya kichwa changu nikiwa nimesimama.

Kushoto tope jeusi. Kulia tope jeusi. Nikachomeka kasia kwenye tope, likazama nusu.

"Leta ngazi ya kuchumia parachichi," nilimwambia Eliza.

"Nani atashika ngazi kwa chini?" aliuliza Eliza.

Nikahesabu. Kwenye boti tulikuwa wawili. Mmoja angepanda na kitenge chake, mwingine angeshika ngazi kwa chini akiangalia juu. Mwavuli ulitikisika. Dorothea naye alikuwa ameshafikiri hilohilo.

"Eliza," mwavuli ulisema. "Mwambie mumeo anirudishe."

"Baba Elinuru, mama anasema umrudishe."

"Nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

Lakini sikuweza kuondoka pale pale, kwa sababu Eliza alilala kifudifudi juu ya mbao, akamshika mtoto kwa mikono miwili ukingoni, nyayo tu zikitokeza nje. Dorothea akaweka mwavuli chini. Akasimama kwenye boti, mkono mmoja kwenye nguzo, mwingine akaunyoosha juu. Mimi nilitazama maji. Nilisikia tu pumzi yake. Ilikosekana kama shibiri moja, vidole vyake visiguse soksi ya mtoto. Akajaribu kwa vidole vya miguu. Shibiri ikawa nusu. Hakufika.

Akaketi, akafungua mwavuli, nami nikageuza boti kumrudisha.

Usiku ule alimpigia simu Eliza, akasema kwa sauti ambayo mimi niliye chumba cha pili niliisikia bila kutaka: "Mimi si gunia la viazi. Sitainuliwa na mume wa mwanangu, sitabebwa na rafiki yake, sitapanda ngazi za parachichi. Nitashuka kwa miguu yangu au sitashuka. Na nikiuona mkono wa mwanamume yeyote umenyooshwa, nageuza."

"Na ubatizo, mama?"

"Umesema mwenyewe nisipompakata habatizwi."

Eliza alikata simu akanitazama. Macho yalikuwa yamejaa lakini hayakumwagika. "Jumapili mbili zimebaki," alisema.

Jumatatu asubuhi nilichukua boti nikazunguka bwawa kutafuta mahali pengine pa kushukia. Hapakuwa na mahali. Kila upande wangu ni tope. Nilikuwa navuta makasia kwa hasira, bila kutazama nyuma, mpaka boti likagonga kitu kwa kishindo na mimi nikaanguka chali.

Niligonga pampu ya shamba la chai. Ni ile inayovuta maji ya kitalu cha miche. Iko pale miaka yote, inanguruma, naiona kila siku. Imekaa juu ya jukwaa la mbao, na jukwaa limekaa juu ya mapipa ya plastiki ya bluu, linaelea. Bwawa likijaa, pampu iko juu ya maji. Bwawa likishuka, pampu iko juu ya maji. Nilikaa palepale sakafuni mwa boti nikiitazama. Kisha nikaanza kupiga kelele peke yangu katikati ya bwawa kama mwendawazimu. Wachuma chai waliokuwa mteremkoni wakasimama na vikapu vyao kunitazama.

Sikusubiri. Nilikwenda Lushoto mjini siku hiyohiyo nikarudi na mapipa sita juu ya gari la mboga, nikiwa nimekaa katikati yao nayashika yasidondoke. Jioni Rajabu alipotoka zamu alinikuta nimeshang'oa mbao zote za gati la kwanza.

"Umebomoa!" alisema. "Hasira mbaya, bwana Jonas."

"Sijabomoa. Nguzo zinabaki. Angalia."

Nilimchorea kwa kijiti kwenye vumbi. Jukwaa la mbao juu ya mapipa sita. Kwenye kila pembe, tairi kuukuu la gari limefungwa kwa bolti, na ndani ya tairi inapita nguzo. Nguzo zimesimama, matairi yanapanda na kushuka juu yake. Na kati ya jukwaa na nchi kavu, kidaraja kirefu chenye bawaba za geti upande wa huku, ili nacho kishuke na kupanda na jukwaa.

Rajabu alilizunguka lile vumbi akiwa ameweka mikono kiunoni.

"Maji yakipanda?"

"Linapanda."

"Yakishuka?"

"Linashuka."

"Mpaka chini kabisa?"

"Mpaka kamati nzima ife kiu."

"Wallahi," alisema Rajabu, "hii ni lifti." Akavua shati la kazi palepale.

Tulifanya kazi kila jioni. Vifuniko vya mapipa tulivifunga kwa mpira wa tyubu ili visivuje. Eliza alikuwa anashuka na mtoto mgongoni kutuletea chai, na kila siku anauliza swali moja: "Linaelea?" Siku tuliyolisukuma majini, likazama kidogo, likafikiri, likainuka. Linaelea! Nilimbeba Rajabu juujuu nikamzungusha. Eliza alipiga vigelegele, safari hii havikukatika.

Lakini gati la kubeba watu wawili waliochangamka si gati la kubeba mama mkwe. Mimi nilishaumwa na nyoka. Nilitaka lijaribiwe kwa uzito wa kweli. Nikamwendea Pendo, mwalimu wa kwaya ya mtaa, nikamwomba alete watu wake.

"Kufanya nini?"

"Kusimama tu."

"Kwaya yangu haisimami tu," alisema Pendo. Hilo nilipaswa kulisikiliza.

Walikuja kumi na wawili na sare zao, maana walikuwa wanatoka mazoezini. Wakapita kwenye kidaraja mmoja mmoja wakicheka na kushikana. Gati likashuka shibiri moja likatulia. Nikasema asanteni, inatosha. Pendo akasema haitoshi, gati halijajaribiwa mpaka liimbiwe. Wakaimba wimbo wa taratibu wa kuabudu, gati limetulia kama sakafu ya kanisa. Mimi machozi yananilenga. Kisha Pendo akageuka akawapa ishara ya wimbo mwingine, ule wa sikukuu ya mavuno, wenye hatua mbili kulia na hatua mbili kushoto.

Hatua mbili kulia zilikwenda vizuri. Wote kumi na wawili, kwa pamoja, kwa nidhamu, wakahamia upande mmoja. Upande ule ukazama. Upande wa pili ukapanda kama mgongo wa ng'ombe anayeinuka. Sauti ya kwanza yote na nusu ya sauti ya pili wakateleza polepole, wakiwa bado wanaimba, wakaingia majini mpaka kiunoni.

Maji ya huku Septemba ni ya baridi. Siwezi kuandika yaliyosemwa, hasa kwa kuwa yalisemwa na wanakwaya. Rajabu alikuwa amekaa kwenye nyasi ameshika tumbo hawezi kupumua. Pendo alitoka amebeba viatu vyake mkononi.

"Bwana Jonas," alisema, meno yanagongana, "ubatizo ni wa mtoto au wa kwaya?"

"Samahani sana, mwalimu."

"Usiombe samahani. Rekebisha. Kesho tunarudi."

Rajabu alipopata pumzi ndiye aliyeleta jibu, na kwa mara ya kwanza halikuhusu kubebana mgongoni. Alisema gati ni jembamba, halina mikono. Kama ngalawa zinavyotolewa miti pembeni zisipinduke, nasi tutoe boriti ndefu kulia na kushoto, na mwisho wa kila boriti tufunge pipa lililojazwa maji nusu. Upande ukitaka kuzama, pipa lililo na hewa nusu linakataa. Upande ukitaka kupanda, maji yaliyo ndani ya pipa la pili yanakuwa mzigo, yanalivuta chini. Tukatafuta mapipa mengine manne. Kesho yake Pendo alirudi kweli na watu wake wote, safari hii wamevaa kandambili na nguo za shamba. Waliimba wimbo wa mavuno beti zote. Wakarukaruka. Wakahamia kulia kwa makusudi, wakakanyaga kwa nguvu wakinitazama usoni. Gati likayumba kidogo tu, likarudi mahali pake.

"Mlete mama," alisema Pendo.

Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo, nilivuka. Dorothea alikuwa amesimama kwenye mwamba wake na kitenge kilekile. Nyuma yake walisimama akina mama sita wa jumuiya yake, waliokuja kumsindikiza na kutazama kama atarudi.

"Shikamoo, mama," niliyaambia maji.

"Marahaba," aliuambia mwamba.

Mwavuli ukafunguliwa. Nikavuta makasia. Sijawahi kuvuta kwa utaratibu vile, kama niliyebeba mayai. Katikati ya bwawa ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni na jua limepita ndani yake, na ng'ambo nikasikia kwaya imeshaanza kuimba nyumbani kwangu. Moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko siku ya harusi. Siku ya harusi nilijua atasema ndiyo.

Nilifika gatini nikalilaza boti ubavu kwenye ncha yake. Mbao za gati na ubao wa boti vilikuwa usawa mmoja. Shibiri mbili juu ya maji, kama kizingiti. Eliza alikuwa amesimama katikati ya gati, mtoto mikononi. Nilikuwa nimemkataza kila mtu mwingine asikanyage pale, na wote walikuwa wamejipanga nchi kavu wamenyamaza ghafla.

Dorothea akafunga mwavuli. Akasimama. Akaweka ncha ya mwavuli kwenye mbao, akapima kama anavyopima mtu daraja bovu. Akainua mguu wa kulia akauweka gatini.

Hapo ndipo nilipoona kwamba sikulifunga boti.

Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Kwa furaha yote ile nilikuwa nimeishika tu kama mjinga. Na mtu akikanyaga gati mguu mmoja, mguu wa pili unalisukuma boti. Likaanza kuondoka. Polepole, bila kelele, maji meusi yakatokea kati ya boti na gati, shibiri moja, halafu mbili, na mama mkwe wangu mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Kilemba kikainama. Nikasikia nchi kavu wote wakivuta pumzi. Eliza alipiga hatua moja, lakini mikono yake ilikuwa na mtoto.

Mkono wangu ulitaka kutoka wenyewe. Nakwambia, mkono una akili yake, ulikuwa tayari umeinuka. Na niliona jicho la Dorothea limeuona. Mara ya kwanza maishani alinitazama usoni. Halikuwa jicho la kuomba msaada. Lilikuwa jicho la kusema thubutu.

Nikaupeleka mkono kwingine. Nilijitupa kifua kwenye ubao wa boti, nikanyoosha mikono yote miwili kandokando ya kitenge chake bila kukigusa, nikalidaka tairi la pembeni. Miguu nikaikaza kwenye mbavu za boti. Nikavuta. Kidevu kilikuwa kwenye ubao, pua inagusa maji, mgongo unalia. Boti likasimama. Likafikiri. Likaanza kurudi, shibiri moja, na nyingine, mpaka ubao ukagonga mbao, tap.

"Mama, vuka!" Eliza alisema.

Sikuona alivyovuka. Nilikuwa natazama pipa la bluu. Nilichosikia ni ncha ya mwavuli, kisha kiatu kimoja, kisha gati lote likashuka kidogo sana chini ya mikono yangu na kutulia. Alikuwa amesimama juu yake, kwa miguu yake.

Nchi kavu wakalipuka. Pendo hakutoa ishara, kwaya yote ilianza yenyewe, kila mtu wimbo wake. Rajabu alikuwa anapiga takbiri katikati ya Walutheri na hakuna aliyejali.

Nilipoinua kichwa, Dorothea alikuwa ameshampokea mtoto. Alimbana kifuani, akamnusa kichwa, akamnusa shingo, akamvua soksi ile moja akaushika mguu wenyewe, mtupu, akaufunika kwa kiganja. Elinuru alimtazama kwa mashaka. Kisha akashika kilemba cha bibi yake akakivuta.

"Elinuru," alisema Dorothea kwa sauti kubwa, mgongo wake ukiwa kwangu. "Mwambie baba yako, kamba hufungwa kwanza."

"Nimesikia," nilisema kutoka kwenye boti.

"Mwambie pia, gati ni zuri."

Nikaifunga kamba kwenye nguzo. 

Akapita kwenye kidaraja cha bawaba akiwa na mtoto, Eliza nyuma yake, wanawake wakamzunguka, wakapanda naye kwenda nyumbani kwa nyimbo. Mimi sikuweza kuwafuata. Mpaka akae, apewe chai, apumzike, mkwe haingii. Nilibaki mwenyewe juu ya gati langu linaloelea, suruali imelowa, nikiisikia nyumba yangu ikipiga kelele, na ndani ya kelele zile nikaisikia sauti ya Eliza inacheka.

Ng'ambo wale akina mama sita walikuwa wameona kila kitu. Walikuwa wanapunga vitenge juu ya mwamba na kuita, sauti zinakuja juu ya maji.

"Wewee! Na sisi je?"

Nikaingia kwenye boti, nikashika makasia.

"Nakuja!" nilipiga kelele. "Nakuja!"